Dorcas Jefwa na Nazi Kavu Yenye Maji

Dorcas Jefwa akikasirika hapazi sauti. Hufunga kitu. Alipokosana na wenzake wa kwaya kuhusu rangi ya sare, alikifungia kinanda kabatini, wakaimba Pasaka nzima kwa makofi. Kwa hiyo asubuhi ile, pikapu kutoka Nairobi ilipoegeshwa mbele ya duka letu na dereva akashuka na kamba begani kusema amekuja kuchukua mashine ya leza, sikumtazama Dorcas usoni. Nilimtazama mikono. Aliizima mashine taratibu, akachomoa ufunguo wake, akaufunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili. Kisha akaketi kwenye stuli, akafungua karatasi ya viazi vya karai, akaanza kula.

"Mama, ufunguo uko wapi?" akauliza dereva. Jina lake Sanga, mtu mpole, kosa lake lilikuwa kutumwa tu.

"Umelala."

"Umelala wapi?"

"Pahali ambapo ukipeleka mkono, baba, gari lako utaliendesha kwa meno mpaka Nairobi."

Sanga alilitazama lile pindo, akanitazama mimi, akatazama kamba zake. "Mimi nimetumwa mashine," akasema. "Sikutumwa vita."

"Basi kaa ule kiazi. Vita vikiisha utaitwa."

Ndivyo tulivyoanza siku. Sasa acheni niwaeleze huyu Dorcas ni nani, maana mtu asiyemjua atadhani ni ukaidi tu.

Duka letu liko Malindi, kwenye uchochoro nyuma ya soko, chini ya nyumba ya Mzee Mahmood, ambaye ndiye mwenye duka, mwenye nyumba, na mwenye nusu ya minazi unayoiona ukielekea Gede. Juu ya mlango kumeandikwa MIHURI, VIBAO, VIKOMBE VYA USHINDI. Dorcas aliingia hapo akitokea Ganze na cheti chake cha kidato cha nne, wakati mihuri ya mpira ilipokuwa ikichongwa kwa wembe. Kazi yenyewe ni ya kuandika kinyume, ili muhuri ukigongwa usomeke sawa, na Dorcas alizoea herufi za kinyume hata akawa mtu pekee Malindi anayeyasoma maandishi ya mbele ya gari la wagonjwa sawasawa likiwa mbele yake au kwenye kioo. Makasisi, machifu, wenyeviti wa vikundi vya akina mama, wote walipita mikononi mwake. Mtu anachaguliwa Jumamosi, lakini cheo hakimwingii mpaka Jumatatu Dorcas amalize kukichonga. Yeye mwenyewe hasahau kuwakumbusha. Nilimsikia akimwambia mwenyekiti mmoja mwenye makuu, "Pole pole, mheshimiwa, herufi ya mwisho ya jina lako bado iko kwenye wembe wangu."

Mashine ya kwanza ya kuchonga kwa leza ilipokuja, kijimashine kidogo cha kelele nyingi, watu walisema wembe wa Dorcas umekwisha na Dorcas mwenyewe afungashe. Yeye akauliza swali moja: "Hiyo mashine inajua kusoma?" Muhuri wa kwanza wa chifu ulitoka bila kugeuzwa, ukigongwa chifu anakuwa ufihc. Dorcas alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akajifunza ile mashine kitufe kwa kitufe, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kumgusia habari ya kufungasha.

Mimi nilikuja baadaye, na diploma yangu ya umeme iliyoishia katikati. Kazi yangu ni kuchora kwenye kompyuta kile ambacho leza itachonga. Dorcas aliniuliza nimesomea nini, nikamwambia, akauliza nimefika wapi, nikamwambia. Tangu siku hiyo jina langu ni Nusu.

Sasa habari ya hii mashine kubwa. Ilikuja na Daktari Cynthia, daktari wa vitabu, si wa sindano, kutoka maabara moja ya Nairobi. Alikuwa akitafuta fundi wa leza anayeishi karibu na minazi. Ukichukua kifuu cha nazi, alitueleza, ukakipiga miale ya leza kwa nguvu inayofaa na spidi inayofaa, uso wake haugeuki mkaa wa kupikia. Unageuka grafini: kaboni ileile iliyo kwenye mkaa na masizi ya sufuria, ila imejipanga safu nyembamba mno, nyembamba hata unywele mbele yake ni gogo. Mkaa wa kawaida umeme hauupendi. Grafini, umeme unapita kama uko kwao. Na haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo unaweza kuitumbukiza kwenye maji ya chumvi na ikakupa kipimo cha chumvi ile bila kuliwa.

Dorcas aliposikia maji ya chumvi aliweka wembe chini.

Kwao Ganze kuna kisima ambacho chai yake haihitaji kuonjwa ili ujue maji yana chumvi; maziwa yanakatika yenyewe. Mama yake, ambaye wajukuu na sisi sote tunamwita Hawe, alikwenda katika ofisi moja ya maji kulalamika. Kijana wa dirishani akamuuliza amejuaje kama maji yana chumvi. Hawe akasema, kwa ulimi. Kijana akamjibu kwamba ulimi si kipimo, alete namba. Hawe alirudi nyumbani kwa miguu, na maneno yale akayaleta kwa Dorcas kama yalivyo, bila kupunguza chumvi.

Kwa hiyo Daktari Cynthia aliposema vibanzi hivi vya kifuu, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vitaweza kutoa namba ya chumvi ya kisima chochote, Dorcas hakuuliza mshahara. Aliuliza, "Mashine inaingia mlango huu, au tuvunje fremu?"

Miezi ya kwanza ilikuwa raha. Kazi haikuwa kubonyeza kitufe tu. Leza ikiwa na nguvu kupita kiasi, kifuu kinakuwa jivu. Ikiwa dhaifu, kinakuwa kahawia kama mkate, na umeme haupiti. Ikienda mbio inaruka, ikienda polepole inatoboa. Mimi nilichora viboksi vingi kama ubao wa drafti, kila safu nguvu yake, kila mstari spidi yake, tukachoma ubao mzima ili tuone kiboksi gani kimetoka vizuri. Na siku moja Dorcas alisahau kurudisha lenzi chini baada ya kuchonga muhuri mnene, miale ikafika kwenye kifuu ikiwa imetawanyika kidogo, na kile kibanzi kikatoka cheusi laini kama mahameli. Daktari Cynthia alisema ndivyo inavyotakiwa: miale ikitawanyika, kila sehemu inachomwa mara nyingi kidogo kidogo badala ya mara moja kwa kishindo. Dorcas alisema alikuwa anajua. Hakuwa anajua. Alikuwa amesahau lenzi, nilikuwepo.

Kisha mambo yakaharibika. Trei moja inatoka safi, inayofuata imejaa nyufa. Testa ukiigusisha kwenye kibanzi hiki umeme unapita, cha jirani yake umeme unagoma katikati. Nguvu ni ileile, spidi ileile. Dorcas alilaumu umeme wa mchana, kwamba mahoteli yakiwasha viyoyozi vyao mashine inapungukiwa. Tukachoma alfajiri, nyufa zikatoka alfajiri. Akalaumu lenzi kwamba imeshika moshi. Nikaisafisha mpaka nikajiona pua. Akanilaumu mimi. Daktari Cynthia kutoka Nairobi alibadilisha namba za nguvu kila siku kwa simu, na kila namba mpya ilifanya kazi Jumatatu ikakataa Jumanne.

Mwisho bosi wake akachoka. Mashine irudi Nairobi, akasema, wataacha vifuu watumie plastiki nyembamba kutoka ng'ambo, ambayo kila kipande ni sawa na mwenzake. Na akaongeza, Dorcas akiwa anasikia kwenye simu, kwamba malighafi ya pwani haiaminiki. Neno hilo ndilo lililofunga mafundo mawili. Dorcas alichosikia ni kijana wa dirishani akimwambia mama yake, mara ya pili, kwamba ulimi si kipimo.

Daktari Cynthia aliwasili nusu saa baada ya pikapu, kwa teksi, macho mekundu kwa safari. Akamkuta Sanga anakula kiazi, Dorcas anakula kiazi, na mashine imezimwa.

"Dada Dorcas, tafadhali. Nipe ufunguo."

"Nipe sababu."

"Sababu unaijua. Vibanzi havifanani. Bosi anataka tofauti kati ya kimoja na kingine isizidi sehemu moja kwa kumi. Vyenu vinapita mara mbili, mara tatu."

"Vyetu? Namba ni zako, mashine ni yako, mkono tu ndio wangu, sasa vimekuwa vyetu?"

"Vifuu ni vyenu."

"Vifuu vina kosa gani? Ulisema vikavu, nimekuletea vikavu!"

Daktari akavuta stuli ya tatu. Nadhani alitaka kuanza upya, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Sawa. Hebu twende hatua kwa hatua. Vifuu mlivikausha kwa muda gani?"

"Kukausha nini?"

"Vifuu."

"Ebo! Nazi kavu inakaushwa? Nimenunua mwenyewe, kwa mkono wangu, pale kwa wakuna nazi sokoni. Sikuchukua dafu. Sikuchukua koroma. Nazi kavu tupu, za asubuhi ileile!"

"Ndiyo, lakini ili ziwe kavu..."

"Ni kavu tangu ziko mnazini!"

"Dorcas, kavu maana yake haina maji."

"Nani amekudanganya? Nazi kavu ina maji tele! Ukiivunja unakinga kikombe, unakunywa, na jirani anapata..."

Kiazi kilikuwa kimefika nusu ya njia kwenda mdomoni na hapo kikabaki. Daktari Cynthia naye alikuwa amefungua kinywa. Walitazamana. Sanga, ambaye hakuwa anafuatilia, aliuliza kwa nini watu wameacha kula.

Mimi nilianza kucheka na sikuweza kujizuia, maana nilikuwepo tangu siku ya kwanza, na hata mimi sikuliona. Kwetu pwani, kavu ya nazi ni umri, si hali ya hewa. Dafu ni mtoto. Koroma ni kijana aliyebaleghe juzi. Nazi kavu ni mtu mzima, na mtu mzima anaweza kuwa amejaa maji mpaka shingoni. Daktari kwao, kavu ni nguo iliyotoka kwenye kamba. Ameandika "vifuu vikavu", na sisi tukampa vifuu vya nazi kavu, vilivyovunjwa asubuhi, vikakunwa, vikapigwa msasa, bado vina unyevu ndani yake kama ukuta mpya. Miale ikipiga, ule unyevu unachemka, unatafuta njia ya kutoka, unaipasua ile ngozi nyeusi. Zile trei zilizotoka safi zilikuwa za vifuu vilivyosahauliwa juu ya bati wakati Dorcas alipokwenda mazishini Marafa, vikapungua maji kiasi. Kosa kama lile mtu wa Nairobi peke yake asingeweza kulifanya, wala mtu wa Malindi peke yake. Lilitaka watu wawili, kila mmoja ana uhakika.

"Nusu, funga mdomo, nzi wataingia," Dorcas akaniambia. Kisha akamgeukia Daktari. "Wewe hukutaka nazi kavu. Wewe ulitaka mbata."

"Mbata ni nini?"

"Nazi iliyokaa mpaka maji yamekwisha yenyewe na nyama imebanduka. Ukiitikisa inakujibu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Daktari alitazama nje, kwenye pikapu. "Bosi anataka kusikia mashine imepakiwa leo."

"Leo bado ni ndefu," akasema Dorcas, akainuka. Ufunguo ulikwenda naye.

Mzee Mahmood alikuwa barazani kwake, amevaa kikoi na fulana, anasikiliza habari za dunia kwenye redio na kuzikatalia moja moja. Ghala yake iko nyuma ya ngazi, na kila mtu mtaani anajua imejaa mbata, kwa sababu mjukuu wake Raiya anaolewa na mafuta ya arusi hayanunuliwi dukani, angalau si katika ukoo ule.

"Shikamoo, Mzee Mahmood."

"Marahaba, binti. Naona gari mlangoni, watu wamekaa kimya. Kuna msiba?"

"Bado. Nataka mbata zako."

Mzee aliizima redio. "Za mafuta ya Raiya?"

"Vifuu tu. Nyama yote ni yako, haitapungua hata ukucha."

"Kwa hivyo unataka kunivunjia mbata zangu bure, unibandulie nyama, unirudishie, na wewe uondoke na takataka?"

"Ndiyo."

"Na huyu bibi ni nani?"

"Huyu ni Daktari Cynthia. Atasaidia kuvunja."

Mzee Mahmood alimtazama Daktari kuanzia viatu kwenda juu. "Tangu juzi natafuta watu wa kuvunja," akasema. "Mola amenipa na daktari juu yake. Ingieni, ingieni. Mpeni bibi panga lisilo na mpini mbovu."

Basi mngeona mambo. Mtu mwenye shahada tatu amechuchumaa uani kwa Mzee Mahmood, anagonga mbata kwa mgongo wa panga, na Raiya mwenyewe, bi arusi mtarajiwa, anamchekea kutoka dirishani: "Bibi, igonge kiunoni, si kichwani! Hujawahi kugombana na mtu?" Lakini alijifunza haraka, nampa haki yake. Sanga pia alivunja. Alisema kukaa bure kunamtia njaa.

Tulipiga msasa vibanzi, tukavigandisha kwenye ubao bapa, Dorcas akafungua fundo moja, kisha la pili, akautia ufunguo mahali pake. Nikapakia mchoro. Nguvu na spidi zilezile. Kibanzi cha kwanza cha mbata kikawaka moto kama utambi wa taa.

"Wee!" Sanga akaruka nyuma.

Dorcas alibonyeza kitufe cha hatari, akapepea moshi kwa leso. Daktari ndiye aliyesema, akikiokota kile kibanzi kilichobaki jivu jeupe: "Ni sawa. Ndivyo ingekuwa. Zile namba zetu zilikuwa namba za kupigana na maji. Sasa maji hayapo, tunampiga mtu aliyeanguka."

"Basi tupunguze kipigo," akasema Dorcas. "Tuongeze spidi."

"Tupunguze nguvu."

"Spidi!"

"Nguvu, Dorcas."

"Nusu, chora ubao wa drafti. Juu nguvu ya Daktari, kando spidi yangu. Tuone nani mbabe wa mwenzake."

Nikachora. Tukachoma. Feni ilivuta moshi, na Daktari, kwa haraka, alikuwa amevilaza vibanzi vingine sehemu ya ndani ikiwa juu, ile iliyobaki na mafuta ya mbata, basi duka zima likanuka jikoni. Mzee Mahmood akaita kutoka ghorofani, "Wali ukiiva mnibakizie!" Tukavigeuza, tukaanza tena. Pembe moja ya ubao ilitoka kahawia. Pembe ya pili jivu. Upande wa Dorcas, nguvu nyingi na spidi kubwa, kulikuwa na mistari mistari kama nguo ya punda milia, umeme unaruka hapa unakosa pale. Upande wa Daktari ulikuwa mweusi bila doa, lakini mweusi wa mkaa, na testa ilisitasita.

Dorcas aliuinamia ule ubao muda mrefu. Yule mwanamke hapendi kukosa, na kukosa mbele ya watu hapendi zaidi. Mwisho akasema, akiwa bado ameinama, "Nguvu yako. Mara ya kwanza tuchome kwa nguvu yako, iwe mkaa. Halafu tuinue lenzi, turudie juu ya ule mkaa."

"Lenzi tuinue kiasi gani?"

"Kama siku ile niliyo..." Alinitazama kwa jicho moja. "Kama siku ile niliyosahau."

Hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia akisema neno hilo, na sikucheka. Nilitaka kufika nyumbani na meno yangu yote.

Kibanzi kilitoka cheusi kama mahameli, na kina mng'ao wa kijivu ukikipeleka kwenye mwanga. Daktari alikigusa kwa ncha mbili za testa. Akagusa cha pili. Cha tatu. Sanga alikuwa amesogea, kamba zimeanguka sakafuni, hakuziona. Tukachoma trei nzima, na Daktari akaipima yote, akitaja namba na mimi naandika kwenye kompyuta. Vilifanana. Ungefunga macho usingejua amehamia kibanzi kingine. Ila viwili karibu na mwisho vilipita kidogo ile sehemu moja kwa kumi.

"Hivi viwili vilikuwa pembeni mwa ubao," akasema Daktari polepole. "Tunaweza kuviacha nje ya..."

"Viandike," akasema Dorcas.

"Dorcas, ni viwili tu."

"Viandike, na vipigiwe mstari. Sitaki kesho niambiwe nimechagua. Mimi nataka namba ambayo mtu akiikataa, amekataa kitu kizima."

Daktari aliviandika. Kisha akapiga simu Nairobi, akaiweka sauti ya juu, simu juu ya mfuniko wa mashine, na sisi sote tumeizunguka kama wagonjwa wanaosubiri majibu. Alimweleza bosi habari ya kavu na mbata. Upande wa pili tulisikia akishusha pumzi.

"Cynthia, siku moja nzuri si ushahidi. Plastiki kila kipande ni sawa na kingine. Hatubishani na soko la nazi."

Dorcas aliinama karibu na simu. "Bwana, habari za mchana. Mimi ndiye malighafi isiyoaminika."

"Mama, sikumaanisha..."

"Hiyo plastiki yenu ikiisha, mtapanda mti wake wapi?"

"Mama, hii ni sayansi. Haihitaji hasira."

"Mimi sina hasira. Niko kazini. Leo tumekosea mchana kutwa na tumejua kwa nini. Wewe mwenye plastiki, ukikosea utaiuliza nani?"

Bosi akazungumza na Daktari kwa sauti ya chini ambayo sauti ya juu ya simu haikuificha. Mradi ni wa Daktari, alisema. Kama anataka mashine ibaki, ibaki, lakini vibanzi vikikosea tena ni jina lake litakaloanguka, yeye bosi asihusishwe. Na akakata.

Daktari Cynthia alibaki ameishika simu. Kwenye vidole vyake kulikuwa na masizi, na kwenye goti la suruali alama ya uani kwa Mzee Mahmood. Nilidhani atasema tupakie. Hata Dorcas alidhani hivyo, maana mkono ulikuwa umeshafika kwenye ufunguo.

"Sanga," akasema Daktari.

"Naam."

"Okota kamba zako. Utarudi mikono mitupu."

"Na mimi nitamwambia nini bosi?"

"Mwambie ulikuta vita."

Sanga aliokota kamba. Alionekana kufurahi zaidi yetu. Raiya alimteremshia mfuko wa nyama ya mbata atafune njiani, na Mzee Mahmood akapiga kelele kutoka juu kwamba hiyo ni ya arusi, na Raiya akamjibu kwamba arusi ni yake.

Hapo ungesema mambo yamekwisha, lakini hamumjui Dorcas. Daktari alikaa kwenye kompyuta yangu kuandika upya maelekezo ya kazi, yale yatakayosomwa Nairobi na ng'ambo na popote watu wanapochoma kaboni kwa leza. Aliandika kwa Kiingereza. Dorcas alisimama nyuma yake, akasoma juu ya bega.

"Mbata iko wapi?"

"Hapa. Nimeeleza: kifuu cha nazi iliyokomaa, iliyokauka kabisa, nyama yake ikiwa..."

"Hiyo ni hadithi. Neno liko wapi?"

"Kwa Kiingereza hakuna neno hilo, Dorcas."

"Basi wapewe. Sisi tulipewa leza, tukakubali."

"Hawataelewa."

"Wataelewa kama tulivyoelewa sisi. Watakosea, watachoma, watauliza. Lakini ukiwaandikia kavu, watakwenda kununua nazi zenye maji, na watasema tena kwamba pwani haiaminiki. Andika mbata."

"Na kama nikiandika, utanipa ufunguo wa akiba nikae nao?"

"Andika kwanza."

Daktari aliandika. M, b, a, t, a. Ile kompyuta, ambayo haijui chochote, ikalipigia mstari mwekundu chini yake. Dorcas alinyoosha kidole, akabonyeza kuiambia kompyuta ilipokee neno, na mstari ukatoweka.

Kisha akachonga muhuri. Alikataa kuitumia leza; aliizima, akarudisha ufunguo kwenye pindo. Alitafuta wembe wake wa zamani ndani ya droo, akakata kipande cha mpira, na herufi za kinyume zikatoka moja baada ya nyingine bila yeye kuchora mstari. Trei ile ya kwanza aliifunga, akaigonga juu: MBATA. MALINDI. Itakwenda Ganze Jumamosi, akasema, kwenye kisima cha Hawe, na namba itakayotoka ataipeleka mwenyewe katika lile dirisha, na kama kijana yupo, atamwomba aiguse kwa ulimi.

"Ufunguo wa akiba," akakumbusha Daktari Cynthia.

"Mashine hii ina ufunguo wa akiba?" akauliza Dorcas, macho yameng'aa kama mtoto wa madrasa.

"Ilikuja na funguo mbili."

"Kumbe!"

Nilisikia kitu kidogo cha chuma kikigongana na kitu kingine kidogo cha chuma ndani ya pindo la leso. Dorcas alifungua fundo moja, akatoa kimoja, akawasha mashine, tukachoma trei ya pili. Ilipokwisha aliuchomoa, akaurudisha kwa mwenzake, akafunga, mafundo mawili. Sanga wakati huo alikuwa labda ameshapita Mariakani, anatafuna mbata, na kamba zake nyuma zinacheza na upepo.